Aliyezipa Nyota Majina Anamjua Mtoto Wako

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii nimelala na kuamka na swali nililoulizwa na mama mmoja wa jumuiya yetu, na kwa kuwa linatugusa sote nimeona niliweke mbele yenu. Wengi wenu mlikuwapo tulipomzika mtoto wake kabla ya Kwaresima. Jina la mtoto silitaji hapa, kwa maana tafakari hizi hufika kwenye simu za watu ambao mama huyo hawajui, naye hajaniruhusu kuliandika. Ndugu yake anayeishi Uingereza, ambaye hakuweza kufika msibani, alimtumia zawadi: alilipia nyota ipewe jina la mtoto, na kampuni iliyopokea fedha ikatuma cheti.

Nilikiona cheti hicho nilipomtembelea. Ni karatasi nzito yenye pambo la rangi ya dhahabu pembeni, katikati limeandikwa jina la mtoto pamoja na tarehe yake ya kuzaliwa, na chini yake kuna mstari wa tarakimu zinazoeleza mahali nyota ilipo angani. Kando kumechorwa ramani ndogo ya anga, na duara jekundu limezungushiwa nukta moja iliyo ndogo kuliko punje ya ulezi. Amekitia kwenye fremu na kukitundika sebuleni, juu ya kabati la vyombo. Akaniuliza, "Mwinjilisti, usiku niangalie upande gani nimwone?"

Nilizinakili zile tarakimu nikaenda kuzichunguza. Nyota hiyo iko karibu kabisa na ncha ya kaskazini ya anga, jirani na Nyota ya Kaskazini, na sisi tunaoishi kusini mwa ikweta hatuzioni nyota za eneo hilo, kwa sababu hazichomozi kwetu usiku wowote wa mwaka. Hata angepanda ndege akaenda kwa ndugu yake, asingeiona kwa macho. Nyota ambazo macho ya mwanadamu huziona bila darubini ni elfu chache tu, na zile zing'aazo zina majina tangu zamani, mengi yakiwa yametoka kwa Waarabu, kama Rigel, Aldebaran na Altair. Zinazouzwa kwa kawaida ni zile hafifu zilizokuwa na namba tu. Tena jina lenyewe halitambuliwi na wanaastronomia. Chombo ambacho wanasayansi wa dunia wamekubaliana kukiachia kazi ya kuidhinisha majina ya nyota ni Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, ulioanzishwa mwaka 1919, nao hauuzi jina hata moja. Kampuni huandika jina katika daftari lake yenyewe, na hakuna kinachoizuia kampuni nyingine kumwuzia mtu mwingine nyota hiyohiyo kesho.

Mwaka 2019, Umoja huo ulipotimiza miaka 100, ulizipa nchi nyingi nafasi ya kupendekeza jina la nyota moja na sayari inayoizunguka, bila malipo. Nyota iliyoangukia Tanzania inaitwa Mpingo na sayari yake Tanzanite; Wakenya nao waliita nyota yao Kalausi na sayari yake Buru. Hayo ni majina rasmi, yanatambuliwa ulimwengu mzima. Lakini nimewauliza ndugu kadhaa wiki hii kuhusu nyota Mpingo, na karibu wote walinitazama kwa mshangao. Jina limeidhinishwa, limeandikwa, nasi wenye nchi hatulitaji. Jambo hilo limenikaa moyoni kuliko habari ya vyeti, kwa maana jina likishaandikwa bado linahitaji vinywa vya kulitamka.

Baadhi yenu mlioisikia habari hii mlisema kwamba cheti kile ni mlango wa unajimu na kwamba kingeondolewa ukutani. Nawasihi tusimtwike mama huyu mzigo mwingine. Kumbukumbu la Torati 4:19 inakataza kuzisujudia nyota, naye hasujudii kitu, anamtafuta mwanawe. Wala ndugu yake asilaumiwe. Alikuwa mbali, alikuwa na uchungu, akatoa alichoweza kutoa.

Nilirudi kwake nikamweleza ukweli wote, polepole, maana sikuona kwamba ni upendo kumwacha asimame uani kila usiku akitazama mahali pasipo na kitu cha kuonekana. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakuonekana kuumia kama nilivyoogopa. Alisema jambo ambalo nataka mlisikie nyote mliokuwa msibani: kwamba tangu tulipochomeka msalaba kaburini, ile karatasi kutoka Uingereza ndiyo mahali pa kwanza alipoliona jina la mwanawe limeandikwa, na kwamba katika jumuiya yote hakuna mtu aliyelitamka mbele yake tangu tulipoanua matanga.

Wapendwa, hapo ndipo tafakari yangu ilipogeuka. Nilikuwa nimejiandaa kuandika juu ya ukuu wa Mungu katika anga, na Isaya 40 nilikuwa nimeifungua mezani. Badala yake nimejikuta nikikumbuka mazishi yale. Tulisoma orodha ya rambirambi kwa kipaza sauti, kila mchangiaji kwa jina lake na kiasi chake, mtaa kwa mtaa, na mtu alipokosewa jina tulisimama tukarekebisha. Mtoto tulimtaja kwenye wasifu uliosomwa kwa haraka kwa sababu jua lilikuwa linazama. Baada ya hapo amekuwa "yule mtoto", na msiba wake umekuwa "yale yaliyompata dada yetu". Mama akiingia tunakozungumza habari za shule na sare za watoto, mazungumzo yanakatika ghafla, naye anaona. Tunadhani tunamhurumia. Ukweli ni kwamba tunajilinda sisi wenyewe tusimwone akilia, na huko si kuhurumiana hata kidogo.

Tena tuache kumwambia mtu aliyefiwa kwamba Mungu atampa mtoto mwingine. Someni Ayubu mwanzo na mwisho. Kondoo wake walikuwa elfu saba, wakarudishwa elfu kumi na nne; ngamia elfu tatu wakawa elfu sita; kila mfugo uliongezwa maradufu. Lakini watoto, aliokuwa nao wana saba na binti watatu, alipewa tena wana saba na binti watatu. Kwa nini hawakuongezwa mara mbili kama ng'ombe? Naamini pamoja na wahubiri wengi walionitangulia kwamba wale wa kwanza hawakuhesabiwa kuwa wamepotea. Walikuwa bado wake. Mtoto hachukuliwi nafasi yake na mtoto mwingine, na anayemwambia mama hivyo anamtaka afute jina ambalo Mungu hajalifuta.

Sasa tazameni Zaburi ya 147, ambayo tumeiimba miaka mingi tukikimbilia aya tunayoipenda. "Huwaponya waliopondeka moyo, na kuziganga jeraha zao. Huihesabu idadi ya nyota, huzipa zote majina." Aya ya 3 na aya ya 4 zimekaa pamoja bila kitu katikati. Mwenye kuzijua nyota zote, zile tunazoziona na zile zisizochomoza kwetu kamwe, ndiye aliyeinama juu ya kidonda cha mwanamke mmoja anayeshinda akifua nguo za mtoto ambaye hatazivaa tena. Nyota iliyo kwenye cheti kile ilikuwa na jina kwa Mungu kabla kampuni haijazaliwa. Na mtoto yule alikuwa na jina kwa Mungu kabla mama yake hajashika mimba. Isaya anasema juu ya jeshi hilo la mbinguni kwamba "hapana moja isiyokuwapo mahali pake", na mara moja, katika aya inayofuata, anawageukia watu waliodhani kwamba njia yao imefichwa Mungu asiione. Nabii hakuwa akitufundisha hesabu ya nyota. Alikuwa akizungumza na waliovunjika moyo ambao walianza kuamini kwamba wamesahauliwa.

Na Bwana wetu alipofika Bethania alifanyaje? Hakuishia kuwapa Martha na Mariamu maneno tu. Aliuliza, "Mmemweka wapi?" Akalia, akaenda mpaka pale, kisha akamwita marehemu Lazaro, ndugu yao, kwa jina lake, kwa sauti kuu, mbele ya watu wote. Sisi hatuna uwezo wa kumtoa mtu kaburini, lakini kuuliza mahali alipolazwa tunaweza, kwenda tunaweza, kulia tunaweza, na jina lake tunaweza kulitamka. Kwa nini tunashindwa haya ambayo hayagharimu hata nauli? Mpendwa, ukikutana na mama huyu sokoni au kisimani, mwambie unachokumbuka juu ya mwanawe: namna alivyokuwa akicheka wakati wa sadaka, wimbo wa shule ya Jumapili alioukosea akaurudia kwa nguvu zaidi. Taja jina lake. Mama akilia, kaa naye mpaka amalize. Atakuwa amelia pamoja na mtu, naye amelia peke yake muda mrefu kupita kiasi.

Atakayetaka kumtumia mfiwa cheti cha nyota, mimi simkatazi, maadamu anajua anachonunua na asimwambie mfiwa kwamba ni zaidi ya hicho. Ila asitume karatasi ikafanye kazi ambayo mdomo wake unaweza kuifanya.

Nimezungumza na wazee wa kanisa, nao wameridhia. Jumapili hii, kabla ya sala ya kanisa, tutasoma majina ya watoto wetu waliolala katika Bwana, ya karibuni na ya zamani. Kila familia iandike jina kwenye kipande cha karatasi na kumkabidhi mzee wa mtaa wake ifikapo Jumamosi jioni. Hatutaharakisha, na hatutasoma michango siku hiyo. Mama zetu wazee ambao walizika watoto miaka mingi iliyopita, nanyi leteni. Sijui msiba wa mtoto unaokwisha muda.

Na ninyi ambao mimba zenu ziliharibika, au ambao watoto wenu walifariki kabla hamjawapa jina, msibaki nyumbani mkidhani kwamba siku hiyo haiwahusu. Mtoto wa Daudi alikufa siku ya saba, na Maandiko hayakutuachia jina lake, hata hivyo Daudi alisema, "Mimi nitakwenda kwake." Kama hamna jina la kuandika, andikeni tarehe, nasi tutaisoma kwa sauti ileile tutakayoyasomea majina.