Nilivyomsingizia dereva wa bodaboda kwa sababu ya RNA

Zamani mtu akiniuliza nafanya kazi gani nilikuwa najibu "maabara," naye anadhani napima malaria, mazungumzo yanaisha salama. Zilipokuja chanjo za Korona, baadhi zikiwa zimetengenezwa kwa RNA, mambo yakaharibika. RNA, zile nakala za muda ambazo seli inachukua kutoka kwenye maagizo ya kudumu ya DNA, ikawa neno la kijiweni, na mjomba wangu wa Korogwe akanipigia simu saa nne usiku kuniuliza kama ni kweli nimejiunga na "wale wa RNA." Nikamwambia, shikamoo Mjomba, RNA unayo mwilini tangu ukiwa tumboni mwa bibi. Akakata simu. Hadi leo kwenye harusi ananisalimia kwa mbali.

Naandika kwa sababu vijana wawili watatu wameniuliza nilifikaje hapa, na pia kwa sababu kuna ushauri niliopewa njiani ambao bado unaniwasha.

Sikuanza na wagonjwa, nilianza na muhogo. Ule ugonjwa wa michirizi ya kahawia, unaokuonyesha shamba limesimama vizuri halafu ukichimba unakuta mizizi imeoza kwa ndani, ulielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza pale Amani, Tanga, mwaka 1936, na virusi vyake vimebeba RNA badala ya DNA. Kazi yangu ilikuwa kutoa RNA kwenye majani. Kwa wiki kadhaa nilichokuwa natoa ni mlenda. Unamimina, unavutika. Nikaupima kwenye mashine, mashine ikakataa hata kuandika namba.

Nilipojua kuuondoa ule utelezi (usafishe kwanza kwa CTAB, kemikali ya aina ya sabuni, wala usikimbilie kununua vifaa vya bei), nikakutana na adui mwenyewe. RNA inaliwa na vimeng'enya vilivyoko kila mahali: kwenye jasho, kwenye mate, kwenye ncha ya kidole chako unapofungua tyubu. Vingine ukivichemsha vinatulia, vikipoa vinajikunja upya na kurudi kazini kama wafanyakazi waliotoka chai. Nilijaribu mara kumi na moja. Najua ni kumi na moja kwa sababu niliandika daftarini, na kwenye ya tisa nilichora jeneza.

Hapo ndipo mkubwa mmoja wa kazini aliponiambia, "Binti, achana na RNA, fanya DNA, DNA haiozi." Ni kweli haiozi upesi. Mwaka 2021 watu walitangaza kwamba wamesoma DNA ya tembo wa barafu wa Siberia mwenye zaidi ya miaka milioni moja. RNA yangu mimi ilikuwa inafia kati ya meza na friza. Lakini DNA inakuambia mtu amezaliwa na nini, na mimi nilitaka kujua leo, saa hizi, seli inafanya nini. Sikumsikiliza. Nilijitengea meza ya pembeni, pipeti zisizoguswa na mtu mwingine, ncha zenye vichujio, na glovu nilizobadilisha kila nilipojikuna pua. Wenzangu wakaniita mwali, kwa sababu sikuwa natoka wala kushikwa mkono. Jaribio la kumi na mbili likakubali.

Habari za kuomba ufadhili na kuhamia kwenye magonjwa ya binadamu sizielezi, fomu ni fomu. Nikaangukia selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Inakadiriwa Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka, kwa hiyo angalau hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Niliyokuwa nayatafuta yanaitwa maikroRNA. Mama yangu nilimweleza hivi, akanielewa kuliko msimamizi wangu: chukulia uko kwa mama ntilie mkubwa, mwenye wahudumu wanaoandika oda kwenye vikaratasi (vikaratasi ndiyo RNA). Oda imeshaandikwa, imeshafika jikoni. Halafu kuna mtu anasimama mlangoni kwa mpishi anachomoa vikaratasi fulani na kuvichana. Chakula hakipikwi, japo mteja aliagiza na mhudumu aliandika. Yule wa mlangoni ndiye maikroRNA, ana urefu wa herufi 22 hivi tu. Victor Ambros na Gary Ruvkun walimgundua kwa mnyoo wa milimita moja, mwaka 1993, watu wakasema hayo ni mambo ya mnyoo. Walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2024. Miaka 31! Nikichelewa kumaliza ripoti huwa najitetea kwa hiyo.

Basi, sasa nifike kwenye bodaboda.

Kliniki tuliyokuwa tunachukua damu ya wagonjwa iko upande wa pili wa jiji. Tulichokuwa tunapima ni plazma, yale majimaji ya manjano yanayobaki damu ikishaondolewa chembe. Damu ya kulinganishia, ya watu wazima wasio na ugonjwa, tulichukua kwa wanafunzi na wafanyakazi wa jengo letu wenyewe. Ya wagonjwa ilikuja kwa bodaboda ndani ya kisanduku cha baridi, nilikinunua Kariakoo kama elfu arobaini, labda hamsini. Niliambiwa na mtu mwenye vyeti kunizidi, "RNA inapenda baridi, mwagia barafu, usiogope." Sikuogopa. Nilipanga vipande vya barafu kutoka friza la nyuzi 20 chini ya sifuri, tyubu nikazilaza katikati kama samaki wa feri.

Usiku mmoja saa tisa mashine ya PCR, inayozidisha nakala mzunguko kwa mzunguko hadi zionekane, kilicho kingi kikitangulia, ikanipa matokeo. MaikroRNA moja, miR-451, ilitokea kwa wagonjwa mizunguko mitano mapema kuliko kwa wenzao. Kila mzunguko ni mara mbili, kwa hiyo mitano ni mara 32. Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. Nyingine kadhaa zilionekana zimeshuka kwa wagonjwa, nikafurahi mara mbili. Niliamsha nyumba. Niliwaza kichwa cha habari. Asubuhi nikanunulia maabara nzima chipsi kuku, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeshatuma muhtasari wa mkutano nje ya nchi, na ukakubaliwa.

Nilikuwa naandaa bango la mkutano pale fundi sanifu wetu, mzee wa miaka mingi aliyekuwa anangoja kustaafu, alipopita nyuma yangu na kuchukua tyubu mezani. Akaiinua dirishani.

"Mwanangu, hii ni plazma?"

"Ndiyo, Mzee. Ya wagonjwa."

"Mbona juisi ya rosela?"

Nikamwambia ndio ugonjwa wenyewe, chembe zinapasuka. Akainua ya pili, ya tatu. Akainua ya kulinganishia, ikawa rangi ya mafuta ya alizeti. "Na hizi zilikuja na bodaboda?" "Hapana Mzee, hizi ni za hapahapa." Akaziweka chini taratibu, akaenda kunywa chai. Hakuongeza neno. Mimi chai siku ile haikupita.

Kwa sababu nilijua, ila nilikuwa nimejisahaulisha. miR-451 imejaa ndani ya chembe nyekundu za damu kuliko karibu kitu kingine chochote. Chembe zikipasuka ndani ya tyubu, inamwagika kwenye plazma, nawe unadhani umevumbua. Na miR-16, maikroRNA niliyoshauriwa niitumie kama rula ya kupimia nyingine eti "haibadiliki," nayo imejaa mlemle. Ndio maana zile nyingine zilionekana zimeshuka: rula yenyewe ilikuwa imepanda.

Nikafanya anachofanya kila mtu mwenye aibu, nikatafuta wa kumlaumu. Barabara ya kwenda kliniki ilikuwa na mashimo, na dereva wetu anapenda kuwahi. Kwenye kikao nikasema, kwa jina lake, kwamba anarusha sampuli. Wakamsimamisha safari zetu wiki mbili.

Bahati nzuri nilitaka ushahidi wa kuweka kwenye ripoti. Nikaomba ruhusa, nikatolewa damu yangu mwenyewe, tyubu nane za kifuniko cha zambarau. (Za zambarau, tafadhali. Za kijani zina heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, na heparini inaziba PCR. Nilishapoteza siku tatu kwa hilo.) Mbili nikaziacha mezani. Mbili nikampa dereva mwingine azungushe njia ileile na mashimo yote, zimesimama kwenye sponji, bila barafu. Mbili zikapita njia ileile zikiwa zimelazwa kwenye barafu yangu. Mbili za mwisho nikazilaza kwenye barafu ileile juu ya meza, hazikwenda popote.

Saa mbili baadaye nikazungusha zote kwenye sentrifuji. Za mezani: alizeti. Za bodaboda kwenye sponji: alizeti, labda kidogo tu zaidi. Za barafu iliyosafiri: rosela. Za barafu iliyokaa mezani bila kuona barabara hata ya mita moja: rosela.

Damu nzima ikigusa barafu kali inaganda kwa pembeni, na chembe iliyoganda inapasuka. RNA iliyokwisha kusafishwa ndiyo inayopenda baridi, damu ambayo bado haijatenganishwa haitaki. Mashimo hayakuwa na kesi. Muuaji ni mimi na kisanduku changu cha Kariakoo.

Nilijiondoa kwenye mkutano kwa barua fupi kuliko zote nilizowahi kuandika. Halafu tukaanza upya. Sasa kila plazma inapita kwanza kwenye kipimo cha mwanga wa nanomita 414, pale hemoglobini, ile nyekundu ya chembe, inaponyonya mwanga zaidi, unyonyaji ukizidi 0.2 haiendi mbele, hata kama mgonjwa alitoka mbali na roho inakuuma. Halafu tunaangalia miR-451 dhidi ya miR-23a, ambayo chembe zikipasuka haishtuki. Na wauguzi tuliwaomba wasivute sindano kwa nguvu, wala wasisukumize damu kwenye tyubu kupitia sindano nyembamba. Hayo hayana gharama.

Tuliporudia, tofauti ya miR-451 ilipungua sana. Iliyobaki ni ya chembe zinazopasuka kweli mwilini, maana chembe mundu huishi siku 10 hadi 20 badala ya 120, na hilo daktari analiona kwa macho ya njano ya mgonjwa bila kunihitaji mimi.

Kwa hiyo nikaacha plazma, nikahamia kwenye chembe nyekundu changa, zile ambazo bado zina mabaki ya RNA. Huko kuna maikroRNA iitwayo let-7, ambayo kwa kichanga iko chini na kwa mtu mzima iko juu, na ikipanda, hemoglobini ya utotoni inashuka. Hemoglobini hiyo ndiyo inayomkinga mtoto wa selimundu miezi yake ya mwanzo. Kuirudisha ndiyo ndoto ya wengi: matibabu ya Casgevy, yaliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, yanafanya hivyo kwa kuhariri DNA, ila Marekani bei yake ni dola milioni 2.2. Nikiitaja bei hiyo kliniki, akina mama wanacheka kwanza. Hapo ndipo ninapofanya kazi sasa, na miaka hii imekwenda vizuri kuliko ya rosela.

Dereva nilimwomba radhi uso kwa uso, na safari zake zikarudi. Chapisho lilipotoka, na aya nzima ya usafirishaji wa sampuli, nikampelekea nakala kijiweni kwake. Nilimfunulia ukurasa wa shukrani, nikamsomea kwa Kiswahili: "Tunamshukuru dereva aliyesafirisha sampuli." Akapitisha kidole mstari kwa mstari, akarudi juu, akapitisha tena.

"Dada," akasema, "siku ile unanisingizia, mbona ulinitaja kwa jina?"