Nilivyounganisha bati jembamba na chuma kinene kwenye Hilux ya mzee

Ukiuliza namna ya kuchomelea bati jembamba kwenye chuma kinene, kuna wale wanaojibu kila kitu kwa "punguza moto tu", yaani shusha moto wa mashine ya kuchomelea. Wamenipotezea wiki mbili nzima, ndo maana naandika.

Hilux ya mzee ililala Kondoa miaka, nikaivuta mpaka kwangu Nkuhungu. Flo, yaani sakafu ya gari, upande wa dereva yote imeliwa na kutu, unaona ardhi. Nikakata bati jipya la milimita 0.9, na hilo linatakiwa likae juu ya braketi za chuma cha milimita 4. Shida ndo hapo, bati linaiva haraka halafu chuma kinene kinanyonya moto wote.

Fundi mmoja akanambia kaka, shusha moto, hutatoboa. Nikashusha, nikachomelea. Kwa macho weldi ilipendeza mno, mstari umenyooka, nikapiga picha nikamtumia mzee. Jioni nikaingiza patasi, nyundo mbili tu mstari wote ukabanduka kama nta, kwenye braketi hakuna hata alama, haikung'ata kabisa. Na hapo ndo panapobeba kiti cha dereva! Niliumia sana. Nikapandisha moto, bati likatoboka, kila nikiziba tundu linazaliwa lingine pembeni.

Kilichonitoa ni hiki. Nikatoboa bati kwa drili, matundu ya milimita 8, kila baada ya sentimita 3 hivi, nikalibana kwa klampu mpaka likalalia braketi kabisa maana ukiacha upenyo ukingo wa bati unayeyuka peke yake. Moto nikaurudisha juu, saizi ya chuma kinene. Unaanzia katikati ya tundu, kwenye braketi yenyewe, chuma kikiyeyuka kikawa kidimbwi unazungusha kwenda kwenye ukingo wa bati, sekunde chache unaachia. Halafu ruka, choma tundu la mbali, ukifuatanisha bati linapinda. Nikarudi na patasi: safari hii bati likachanika, doti ya weldi ikabaki imeng'ang'ania braketi! Nilipiga kelele mpaka mama watoto akatoka nje.

Yale matundu yaliyotoboka kwa moto mwanzo niliyaziba kwa weldi nikiegemeza shaba nyuma, bomba la friji mbovu nililolipata Sabasaba kwa kama buku tano, ukiligonga likawa bapa unaliweka nyuma ya tundu, linapoza na chuma kilichoyeyuka hakiling'ang'anii. Bati la kuezekea achana nalo, au saga zinki yote kwanza, moshi wake unaleta homa.

Kingine, mashine yangu ni ya waya na gesi, na upepo wetu wa Dodoma mwezi wa nane mnaujua, unapeperusha gesi inayokinga weldi, weldi inajaa vitundu kama sponji. Nilizungushia turubai na nilikuwa naanza alfajiri.

Mzee alipokuja hakuuliza kitu, akapiga flo kisigino mara tatu, akanyoosha mkono: "Lete funguo."