Mafunzo ya bahari kwa watoto: tunapanga ya mwakani

Jamani, jana tumekaa kikao kijijini Kigombe, Tanga, kupanga mustakabali wa mafunzo yetu ya bahari kwa watoto. Sitaki kazi hii ife siku ufadhili ukikatika, ndiyo maana tumeamua walimu wa hapahapa ndio waiongoze.

Ratiba itafuata bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa sana. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hutoka mbali asubuhi, na mtoto anatembea mwambani akaona jongoo bahari, akapindua kiti cha pweza (yule mnyama wa umbo la nyota) taratibu na kutazama vile vijiguu vyake vikitafuta pa kushika. Ila ndizo saa za darasa, kwa hiyo walimu wakuu tuwaombe mapema.

Halafu silikanti, yule samaki wa kale! Dunia ilidhani ametoweka hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na hapa kwetu hifadhi yake ipo tangu 2009. Watoto huniuliza kama watamwona. Anakaa kilindini, nawajibu, lakini wavuvi wa Tanga wamewahi kumnasa kwenye jarife, wavu wa kuvulia papa.

Mzee mmoja mvuvi amekubali kuwafundisha watoto pepo za kusi na kaskazi. Nimefurahi mno. Mwenye miwani ya kuzamia ya watoto isiyotumika, anitafute tafadhali.