Mama hafanyi kitu, sisi watoto tupo

Kila mzee anayeletwa kliniki yetu ya moyo hapa mjini Unguja huja na watu wake, na mara nyingi hao watu ndio wanaojibu maswali. Namuuliza mzee kama anakoga mwenyewe, kabla hajafungua mdomo, mwanawe keshajibu: "Tunamkogesha." Anapika? "Aa, Mama hafanyi kitu, sisi watoto tupo." Jibu hilo linanikaa kichwani wiki hii yote. Ni jibu la mtoto aliyelelewa akaleleka, na kwa kazi ninayoifanya halinifikishi popote, maana sijui kama Mama hawezi au hajaachiwa.

Mimi ni muuguzi. Wazee ninaowasema ni wale ambao vali ya moyo, yaani kilango kinachopitisha damu, imebana au mishipa ya moyo imeziba, na daktari anapima kama wavuke kwenda Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, wakafanyiwe upasuaji. Mtu anapasuliwa mfupa wa kidari, moyo unasimamishwa, mashine inashika kazi ya moyo na mapafu. Akizinduka ana mipira mwilini, na haichukui muda anaambiwa akohoe, akae, asimame. Moyo unaweza kutengenezwa vizuri kabisa, mwili uliobaki ukashindwa. Ndiyo maana tunapima udhoofu: mzee ana akiba gani ya nguvu ya kuhimili pigo kama hilo. Umri hauisemi akiba hiyo. Wapo wa miaka 80 wanaoshuka pwani kwa miguu na kurudi na kitoweo, na wapo wa miaka 66 ambao kuvaa kanzu tu kunawaacha wanahema.

Vipimo vyenyewe havina makuu. Mwaka 2001 Linda Fried na wenzake, Marekani, walitaja dalili tano: kupungua uzito bila kukusudia, mkono kukosa nguvu ya kubana, uchovu usiokwisha, mwendo kuwa wa pole, na mtu kupunguza harakati zake. Mwenye tatu au zaidi anahesabiwa kuwa amedhoofu. Mimi napenda zaidi kipimo cha mita tano. Unatia alama sakafuni, mzee anatembea mwendo wake wa kawaida, na mkongojo wake kama anao, wewe unashika saa. Jonathan Afilalo na wenzake waliwapima hivyo wagonjwa 131 wa miaka 70 na kuendelea waliokuwa wakisubiri upasuaji wa moyo Marekani na Kanada, wakatoa matokeo mwaka 2010. Waliotumia sekunde 6 au zaidi walikuwa na hatari ya kufa au kupata madhara makubwa mara mbili hadi tatu kuliko wenzao. Mita tano! Ukumbi wa nyumba nyingi za huku unatosha.

Wiki hii alikuja bibi mmoja wa Makunduchi, ameketi kwenye kiti cha magurudumu, wanawe wawili nyuma yake. Nikawaomba watusubiri nje kidogo. Hawakupenda, lakini walitoka.

"Bibi, utaweza kunitembelea mpaka pale?"

"Kwani nani kakwambia siwezi?"

Akavua makubazi, akakaza kanga, akenda. Sekunde 7. Kisha nikamtaka ainuke kitini na kukaa mara tano, mikono kaikunja kifuani. Tatu za mwanzo aliinuka vyema. Ya nne mkono ukaponyoka kutafuta ukingo wa meza. Ya tano hakuinuka. Mapaja yalikuwa yanatetemeka mpaka kanga ikawa inacheza.

Nina swali langu ambalo halimo kwenye fomu: unasali vipi, na tangu lini? Kutawadha mguu mmoja juu, kurukuu, kuinuka kutoka sijda, yote hayo yanataka paja, pumzi na mizani, na mzee anakumbuka barabara siku aliyoacha. Bibi akaniambia anasalia kitini tangu baada ya Ramadhani. "Sijda nilikuwa naiweza. Ila nikikawia kuinuka wananikimbilia kuninyanyua. Mwisho wakaniletea kiti."

Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu. Mwendo wake wa pole umetoka wapi? Kama ni vali iliyobana, basi upasuaji wenyewe ndiyo dawa, na kumnyima kwa sababu hiyo ni kumdhulumu. Kama ni miguu iliyokaa bure, kuna la kufanya kabla ya kuvuka. Kama ni magoti, ni jambo jingine tena. Mara nyingi ni vyote pamoja. Na miguu haikawii kwisha: siku 10 za kulala kitandani zinatosha kumpotezea mzee mwenye afya karibu kilo nzima ya nyama ya miguuni. Najiuliza miezi ya kunyanyuliwa na kusukumwa kwenye kiti inakula kiasi gani.

Damu yake ilikuwa 10.4, na kwa mwanamke chini ya 12 ni upungufu. Daktari anatafuta sababu. Chakula nacho: chai na mkate, uji, mchuzi wa kuchovya, kwa kuwa meno hana na wanawe wanamtafutia laini. Samaki wa kuchemsha na kuchambuliwa ni laini, mayai ni laini, kunde zilizoiva zikapondwa ni laini. Ng'onda na papa nimewaambia waviache, chumvi yake haimfai mwenye moyo.

Mwanawe mkubwa alivyosikia habari ya vipimo alibadilika uso. "Kwa hiyo mnamkatalia?" Nilikaa naye kwa muda, kwa sababu hofu hiyo naiona kwa wengi. Hatupimi ili tumfungie mtu mlango. Kuna anayekwenda moja kwa moja, kuna anayetiwa nguvu kwanza, kuna anayefaa zaidi kuwekewa vali kwa mrija unaopita kwenye mshipa wa paja bila ya kifua kufunguliwa, na kuna ambaye dawa na utulivu vinamfaa kuliko kisu. Bila ya kupima, wote wanapewa jibu moja, la umri.

Bibi nilimuuliza anataka nini hasa. Anataka kwenda Kizimkazi kumtazama dada yake, ashuke kwenye gari mwenyewe, aingie ndani kwa miguu yake. Nimeliandika kwenye fomu, juu ya sekunde na juu ya damu, na daktari amelisoma.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo amempangia kuinuka kitini na kutembea ndani ya nyumba, kwa kiasi alichoruhusu daktari, na akibanwa kifua au akisikia kizunguzungu aache hapo hapo. Wanawe kazi yao ni kusimama karibu bila ya kumshika. Tutampima tena kabla jopo la madaktari halijakaa.