Kabla hamjachangia draiva ya fayawoli

Kuna wazo linalozunguka kwa mafundi wa mtandao hapa Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Raskazone: ofisi ndogo zinazoendesha pfSense au OPNsense (programu za fayawoli) ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza iliyo ndani ya seva, zichange pesa, atafutwe mtu wa kurekebisha draiva, programu inayoendesha kadi ya mtandao. Naliunga mkono, kwa sharti moja: pesa inunue marekebisho yatakayoingia kwenye chanzo kikuu cha FreeBSD, mfumo endeshi ambao zote mbili zimejengwa juu yake. Faili la .ko (moduli ya draiva iliyokwisha kujengwa) mtakalotumiwa WhatsApp lisiguse hata senti ya mchango.

Sababu iko kwenye historia. pfSense 2.1 ya mwaka 2013 ilikaa juu ya FreeBSD 8.3, na ukitaka VirtIO, aina ya kadi iliyobuniwa kwa ajili ya mashine pepe, ulilazimika kuandika mwenyewe mistari ya virtio_load, virtio_pci_load na if_vtnet_load kwenye loader.conf.local, faili la mipangilio ya kuwasha mfumo. Ilipotoka 2.2 mwezi Januari 2015, juu ya FreeBSD 10.1, draiva ilikuwa tayari ndani ya keneli, yaani moyo wa mfumo endeshi. Kazi hiyo, ambayo sehemu kubwa ni ya Bryan Venteicher, inatumika leo kwenye pfSense na OPNsense zote mbili bila mtu wa Tanga kugharamia kitu. Faili la pembeni halifiki huko. FreeBSD ikipanda toleo kubwa, moduli iliyojengwa kwa keneli ya zamani haipakiki, na mwenye kuijenga upya mara nyingi ameshapata kazi nyingine.

Sasa, je, draiva ndiyo yenye kosa? Mara nyingi siyo.

Mashine pepe ikipewa kadi ya aina ya e1000, keneli yake inaamini inaongea na kadi halisi ya Intel. Kila inapogusa rejista ya kadi hiyo, mashine inasimamishwa kidogo, seva mwenyeji inaigiza jibu, kisha inaachiwa iendelee. Prosesa ndiyo inayoumia. VirtIO ni makubaliano tofauti: mgeni anajua kuwa ni mgeni, pande zote mbili zinatumia foleni zilizo kwenye kumbukumbu ya pamoja, na taarifa moja inaweza kubeba pakiti nyingi. Kwenye FreeBSD utaiona kama vtnet0. Kwa VMware ni vmx0, kwa Hyper-V ni hn0, kwa Xen ni xn0. Ukiona em0, jina la kadi ya e1000, ndani ya Proxmox (programu ya kuendesha mashine pepe), hakuna draiva ya kuchangia hapo. Badilisha aina ya kadi.

Kubadilisha kwenyewe kuna mtego. Jina la intafesi linageuka kutoka em0 kuwa vtnet0, na VLAN zake (mitandao iliyotenganishwa juu ya waya mmoja) pia, em0.10 inakuwa vtnet0.10. Fayawoli ikiwaka haitambui tena LAN (mtandao wa ndani) wala WAN (wa nje), na itasubiri pale kwenye skrini ikuulize ipi ni ipi. Ukiwa nyumbani Mikanjuni na ofisi iko Chumbageni, umejifungia nje. Kwa hiyo pakua nakala ya config.xml, faili la mipangilio ya fayawoli, hakikisha unaifikia konsoli ya Proxmox kwa njia isiyopitia fayawoli hiyo hiyo, na acha anwani ya MAC (namba ya utambulisho wa kadi) ile ile, maana baadhi ya watoa huduma hufunga laini kwa MAC.

Kipimo kifanyike kupitia fayawoli. Usiendeshe iperf3, programu ya kupima kasi, juu yake, kwa sababu hapo utakuwa unapima uwezo wa fayawoli kutengeneza data, na kazi yake ni kuzipitisha. Weka kompyuta moja upande wa LAN, nyingine upande wa WAN, kisha iperf3 -c ikifuatwa na anwani, -P 4 -t 60. Mikondo minne ina maana yake: mkondo mmoja huangukia foleni moja, hivyo hata ukiweka Multiqueue (idadi ya foleni za kadi) sawa na idadi ya vCPU (prosesa pepe) hutaona tofauti. Wakati huo huo fungua top -SHP kwenye fayawoli na utazame kama kiini kimoja cha prosesa kimejaa 100% huku vingine vimelala.

Kwenye waya wa gigabiti, TCP yenye pakiti za kawaida za baiti 1500 hufika karibu 941 Mbit/s, basi. Ukipata 930, usichangie chochote. Tena pakiti za ukubwa huo zikijaza waya ni kama 81,000 tu kwa sekunde, ilhali fremu za baiti 64 zinafika 1,488,000. Ndiyo maana fayawoli inaweza kupitisha faili kubwa bila jasho kisha ikazidiwa na simu za VoIP na maswali ya DNS. Atakayelipwa apewe vipimo vyote viwili. Na lile neno 10Gbase-T ambalo ifconfig inaonyesha kwenye vtnet0 ni lebo tu, msilifanye ushahidi.

Kama laini yenu ni 50 Mbit/s na hakuna kingine kinachopita, hata e1000 ya kuigiza inatosha. Wenye haja ya kweli ni wale ambao kamera, seva ya mafaili na VLAN za ofisi zote zinapita kwenye fayawoli hiyo moja.

Kasoro inayosingiziwa draiva kuliko zote ni ya cheksamu, namba ya kuhakiki kuwa pakiti haijaharibika. Dalili zake: ping inapita, DNS inajibu, lakini kurasa hazifunguki, au zinafunguka kwa kompyuta za nje na kukataa kwa mashine pepe zilizo kwenye seva hiyo hiyo. VirtIO huruhusu pakiti isafiri ndani ya seva mwenyeji bila cheksamu kukamilishwa, kwa kuwa haijagusa waya wowote. Fayawoli inaipokea, inaifanyia NAT (kubadilisha anwani), inaituma mbele ikiwa bado haijakamilika, na mpokeaji anaitupa kimyakimya. Endesha tcpdump -vvn, amri ya kuchungulia pakiti, upande wa mpokeaji, utaona cksum ikifuatwa na neno incorrect. Upande wa mtumaji usiliamini neno hilo, kwani pale hutokea hata mambo yakiwa sawa: cheksamu hukamilishwa baada ya tcpdump kuchungulia.

Dawa kwenye pfSense iko System, Advanced, Networking: weka tiki kwenye Disable hardware checksum offload, kisha uwashe upya. Zima TSO na LRO (kuiachia kadi ikate na kuunganisha pakiti) pia, kwani hazifai kwenye mashine inayopitisha pakiti za wengine. Mtu asilipwe mchango kwa tiki moja.

Ombi jingine linalojirudia ni ALTQ, ile ya kugawa kasi kwa foleni. ALTQ ilijengwa kwa dhana ya foleni moja ya kutokea kwa kila kadi. Draiva yenye foleni nyingi huiruka foleni hiyo, kwa hiyo kuwa na vyote viwili ni uamuzi wa usanifu, wala si kasoro ya kuziba kwa wiki moja. Kabla ya kuomba pesa, jaribuni limiters (vidhibiti kasi) zinazotumia dummynet pamoja na FQ-CoDel, njia ya kupanga foleni. Hazitegemei draiva, na kwa laini ya ofisi zinatuliza kuchelewa vizuri tu.

Yaliyobaki baada ya uchujo huo ndiyo yanayostahili mchango: fayawoli inayoganda kwenye hali inayorudiwa, kasi inayoshuka kuanzia toleo fulani, VLAN inayopotea intafesi ikizimwa na kuwashwa. Andikeni ombi kwa kutaja toleo la FreeBSD, toleo la Proxmox, aina ya mashine kama ni i440fx au q35, hatua za kuirudia kasoro, na kipimo kitakachothibitisha imepona. “Iwe haraka” hakuna atakayelipwa kwa hilo bila ugomvi.

Pesa yenyewe iendeshwe kama mchango wa harusi: kamati, mweka hazina, daftari linaloonekana na kila aliyetoa. Kikundi cha M-Koba ni bora kuliko laini ya mtu mmoja, sababu pesa haitoki bila wengine kuidhinisha. Majukwaa ya zawadi za programu huria yanavutia, ila someni kwanza masharti ya pesa isiyodaiwa inaenda wapi.

Tuseme ofisi 30 zinatoa shilingi 100,000 kila moja. Ni 3,000,000. Kwa bei za watu wanaoandika keneli, hiyo hainunui draiva. Inaweza kununua kasoro moja iliyopimwa vizuri, kama anayeifanya tayari anaujua msimbo wa vtnet. Ningeigawa hivi: 600,000 akishairudia kasoro kwenye mashine yake, 1,200,000 rekebisho likiwekwa hadharani kwenye reviews.freebsd.org na kupita kipimo chenu, 900,000 likikubaliwa kwenye chanzo kikuu, na 300,000 ibaki kwa gharama za kutuma pesa na mashine ya majaribio. Msilipe zote mwanzoni. Wala msizuie zote hadi mwisho, maana mapitio huko huweza kuchukua miezi na mtu anakula kila siku.

Awamu ya tatu, ile ya kukubaliwa kwenye chanzo kikuu, ndiyo watu hutaka kuiruka. Mwishoni mwa 2020 FreeBSD ilipokea WireGuard (programu ya VPN) ya ndani ya keneli iliyogharamiwa na Netgate, kampuni inayosimamia pfSense. Machi 2021 mwanzilishi wa WireGuard, Jason Donenfeld, akaupitia msimbo ule na kukuta matatizo mengi, ukaondolewa kabla FreeBSD 13.0 haijatoka. WireGuard iliyoandikwa upya ilirudi kwenye 13.2, mwaka 2023. Pesa ilikuwepo; kilichopungua ni macho ya kuupitia. Kwa hiyo kwenye ombi lenu mtajeni mapema mtu wa pili atakayesoma msimbo, naye alipwe.

Halafu kuna leseni. Draiva ya VirtIO ya Linux iko chini ya leseni ya GPL, tofauti na ya BSD inayotumiwa na FreeBSD, na kuinakili ndani ya keneli ya FreeBSD hakutakubaliwa. Maelezo ya VirtIO yenyewe yako wazi, shirika la viwango la OASIS linayachapisha, na msimbo wa OpenBSD, ndugu wa FreeBSD, unaweza kuazimwa: vmx ya FreeBSD ilianzia huko. Mkataba useme wazi kwamba kazi itatolewa kwa leseni ya BSD.

Lililokubaliwa kwenye chanzo kikuu halitafika kwenye fayawoli yenu kesho. Linapitia tawi la maendeleo, tawi la toleo, kisha pfSense au OPNsense walichukue. Muda huo tengenezeni mashine pepe ya pili yenye config.xml ile ile, kadi zake mziunganishe na bridge (swichi pepe ndani ya seva) isiyofungwa kwenye kadi yoyote halisi, na kila toleo jipya liendesheeni mzigo wa saa 24 humo: fremu ndogo, VLAN, kuzima na kuwasha intafesi, na CARP (fayawoli mbili kupokezana moja ikifa) kama mnaitumia. Kwa wenye ESXi ya VMware, CARP haitafanya kazi humo bila kuruhusu Promiscuous mode, MAC address changes na Forged transmits kwenye port group, kwa hiyo angalieni hayo kabla ya kumwandikia tena yule mliyemlipa.