Joka na kizibao chake cha almasi

Nimemrudia Smaug, yule joka wa The Hobbit, kitabu cha J. R. R. Tolkien kilichotoka mwaka 1937. Moto wake haunitishi tena. Moto ni kawaida ya majoka. Kinachonitisha ni jinsi alivyoijua mali yake.

Dhahabu ile si yake. Aliiteka Erebor, mlima wa mbilikimo wahunzi, mwaka 2770 wa Enzi ya Tatu katika kalenda ya ulimwengu ule. Mji wa Dale, uliokuwa karibu na lango la mlima, akauteketeza pia. Kisha akazoa kila kitu, akakirundika ukumbini na kukilalia kwa miaka 171. Hauzi, hanunui, hajui kufua hata pete. Lakini Bilbo, yule mtu mfupi aliyeletwa na mbilikimo awe mwizi wao, alipopenya akaiba kikombe kimoja tu, Smaug aliamka akajua kimepungua. Kimoja, katika rundo lile! Matajiri wa namna hiyo nawajua, ila hao hawana mabawa.

Pale Bilbo anaporudi mara ya pili ndipo ninaposoma polepole. Amevaa pete inayomficha, joka hamwoni, lakini harufu yake anaipata. Anaulizwa yeye nani. Kulitaja jina lake ni hatari, kukataa kulitaja ni hatari zaidi, basi anajisifia kwa mafumbo. Msomaji wa Lamu hapo anakuwa yuko kwao, maana sisi huku tusi zito hulipitisha kwenye kanga, na mwenyewe akajua limemlenga. Joka naye hupenda fumbo, hawezi kuliacha mpaka alifumbue. Bilbo akapitiliza, akajiita mpanda mapipa, maana kwa mapipa yaliyoelea mtoni ndivyo yeye na mbilikimo walivyofika mji wa ziwani. Kwa neno hilo moja Smaug akang'amua kwamba watu wa mji wa ziwani, Esgaroth, ndio waliowasaidia wezi, na baadaye akaenda kuuchoma. Sijui kwa nini wasomaji wengi hupita hapo mbio wakamsifu Bilbo kwa ulimi wake.

Sifa ndizo zilizommaliza joka. Kwa kulala muda mrefu juu ya vito, tumbo lake laini lilikuwa limegandwa na almasi mpaka zikawa kizibao. Bilbo akamsifia, naye akajigeuza aonekane vizuri. Kifuani upande wa kushoto palikuwa na sehemu tupu. Bilbo akawasimulia wenzake nje, na ndege mzee akawa anasikiliza. Ndege akampelekea habari Bard, mpiga mishale wa Esgaroth, ambaye wazee wake wa Dale waliijua lugha ya ndege wale. Bard alikuwa amebakiwa na mshale mmoja mweusi aliorithi kwa baba yake. Ukaingia palepale.

Hapo ni lazima nimtaje Fumo Liongo. Huyu ni wetu. Muhamadi Kijumwa wa hapa Lamu alimtungia utenzi mwaka 1913. Liongo naye silaha zilimshinda kumwingia, isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Siri hiyo hakuitoa kwa kusifiwa. Aliulizwa na mwanawe mwenyewe, aliyekuwa ameahidiwa kuozwa binti wa mfalme, na kwa kumpenda akamwambia. Kwangu mimi kifo cha Liongo ni kizito mara elfu. Ajabu ni kwamba wote wawili waliendelea kuogopwa wakiwa wamekufa. Liongo alipiga goti kisimani na upinde mkononi, watu wakaacha kuteka maji wakidhani yu hai. Mifupa ya Smaug ilibaki ziwani kwenye magofu ya Esgaroth, na vito vyake vikakosa mtu wa kuthubutu kuvizamia.

Jana nilimsimulia ami haya yote barazani, baada ya sala ya alasiri. Alisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Joka afaye kwa kusifiwa, huyo bado mtoto, mwanangu."

Nikamwambia, basi ami, yuko mwingine wa mtunzi huyohuyo, wa zama za kale zaidi. Glaurung. Huyu hana mabawa, hutambaa tu, na moto anao, lakini silaha yake kubwa ni macho. Alimkazia macho Túrin, shujaa wa hadithi hiyo, Túrin akabaki wima hawezi kunyanyua mguu, huku mateka wakipitishwa karibu naye na mwanamke aliyempenda akimwita kwa jina. Kisha joka akamfungulia, akamwambia mama yake na dada yake wanateseka nyumbani. Túrin akaamini, akakimbilia kwao, asiwakute. Yule mwanamke akauawa na waliomteka.

Ami akaweka kikombe cha kahawa chini. "Huyo sasa ndiye joka. Huyo ajua kusema na watu."

Leo anataka nianze na Nienor, dada yake Túrin, ambaye Glaurung alimfuta kumbukumbu zote hata jina lake akalisahau. Nimemwonya kwamba hadithi hiyo si ya kusikilizwa na watoto, akaniambia watoto watafute baraza yao.