Saa ya Hezi 60 Kwenye Umeme wa Hezi 50, Bila Kuisumbua Redio

Saa yangu ya mezani ya Telechron, iliyotengenezwa Marekani, haina pendulamu. Kinachoipimia muda ni umeme wenyewe. Mota yake huzunguka sawia na mizunguko 60 ya umeme kwa sekunde, yaani hezi 60, na ndiyo maana mwaka 1916 mvumbuzi wake, Henry Warren, aliishawishi kampuni ya umeme ya Boston kuangalia mwendo wa jenereta zake kwa saa maalumu, ili saa za wateja zisipotoke.

Wengi wanaoileta saa ya namna hii kwenye umeme wa volti 230 na hezi 50 hununua transfoma na kudhani kazi imekwisha. Transfoma hupunguza volti, lakini haigusi hezi. Saa itachelewa dakika 10 kila saa, yaani saa 4 kwa siku, na koili yake itapata joto zaidi, kwa kuwa ukinzani wake kwa umeme geu hushuka pamoja na hezi.

Nilijaribu kwanza inveta ndogo, kifaa cha kutengeneza umeme wa hezi 60. Saa ilikwenda vizuri, ila redio iliyokuwa kando yake ilijaa mkwaruzo kwenye masafa ya kati. Inveta ya aina hiyo hukata umeme kwa kuuwasha na kuuzima maelfu ya mara kwa sekunde. Ikifanya hivyo mara 50,000, vivuli vyake, yaani mawimbi ya vizidishi vya 50,000, huangukia kilohezi 550, 600, 650 na kuendelea, katikati kabisa ya stesheni, na waya wa saa huwa antena ya kuvirusha. Kwangu mimi hilo halikubaliki: saa na redio za zama zile zilitengenezwa zikae kwenye rafu moja.

Kwa hiyo niliunda chanzo kisichokata chochote. Fuwele ya kwatzi inayotetema kwa hezi 3,579,545, ile iliyokuwa ikitumika katika televisheni za rangi za mfumo wa Marekani, mitetemo yake ikigawanywa kwa 59,659 hutoa wimbi la mraba la hezi 60. Wimbi hilo hupita kwenye vichujio vya rezista na kapasita hadi pembe zake ziwe mviringo, kisha amplifaya ya kawaida ya sauti hulikuza na kulisukuma kwenye transfoma ya volti 12 kwa 120 iliyogeuzwa, likiingilia upande wa volti 12. Saa hutumia wati chache tu, hivyo amplifaya ya wati 10 inatosha. Volti zipimwe saa ikiwa imeunganishwa, kwa sababu transfoma iliyogeuzwa hutoa pungufu kidogo.

Ugavi wa amplifaya nao uwe wa transfoma nzito ya chuma, dayodi nne na kapasita kubwa. Ukitumia adapta nyepesi kama ya chaja ya simu, umeurudisha mkwaruzo uleule kwa mlango wa nyuma. Kila kitu kikae ndani ya sanduku la chuma lililounganishwa na waya wa ardhi, lenye fyuzi, na nyaya mbili za kwenda kwenye saa zisokotwe pamoja. Volti 120 zinaua, kwa hiyo kifuniko kisifunguliwe kabla ya plagi kuchomolewa.

Fuwele isiporekebishwa huweza kukosea sehemu 20 kwa milioni, ambazo ni karibu sekunde 1.7 kwa siku. Niliweka kapasita ndogo ya kurekebishia kando yake na kuigeuza kidogo kila wiki, nikilinganisha na mlio wa saa redioni, kwenye redio ileile ambayo sasa inasikika safi.